Sifa za Anayejua Kufuta

Watu humsifu mtunzi wa programu kwa anavyojenga. Mimi humpima kwa anavyofuta.

Tuseme chama cha wakulima wa maziwa kimepanga vituo vyake kwa kufuata reli iendayo Kisumu: Nakuru, Njoro, Elburgon, Molo. Leo Njoro na Elburgon hazina maziwa, na programu ya Python inaipitia orodha huku ikiondoa kituo kisicho na kitu. Nafasi huhesabiwa kuanzia sifuri: Nakuru 0, Njoro 1. Njoro ikiondolewa, Elburgon inasogea papo hapo kuziba nafasi ya 1, na Molo inashika ya 2. Mzunguko unaoipitia orodha hauna habari. Umeshamaliza nafasi ya 1, unakwenda ya 2, unaikuta Molo. Elburgon haikukaguliwa kabisa. Inabaki orodhani, na lori linapanda hadi huko kufuata mikebe mitupu.

Onyo halitolewi. Tena, lau zisizo na maziwa zingekuwa Njoro na Molo, jibu lingetoka sahihi, kwa bahati tu, na mwenye programu angelala usingizi wake.

Lugha ya Java ina ukali kidogo: ukiondoa kitu katika orodha yake iitwayo ArrayList katikati ya mzunguko, kwa kawaida programu husimama na kulalamika. Kwa kawaida, si daima. Ukiondoa jina la pili kutoka mwisho, idadi iliyobaki hulingana na nafasi uliyofikia. Mzunguko hudhani kazi imekwisha, na jina la mwisho hupita bila kuguswa.

Mafundi wana njia zao. Yupo anayepita kinyumenyume, kutoka Molo kuteremka Nakuru, ili vinavyosogea viwe vile alivyokwisha kuvikagua. Ni ujanja mzuri, nami naupenda, ila katika orodha ya majina laki moja kila jina linapofutwa huyalazimisha yote yaliyo nyuma yake kusogea. Ninayemvulia kofia ni yule anayeiacha orodha ya zamani ilivyo, akaandika mpya ya majina yanayobaki. Orodha inapitiwa mara moja tu, na ile ya asubuhi ingalipo mtu akija kuuliza.

Nawe unayejifunza kazi hii, usiijaribu programu yako kwa jina moja la kufutwa. Weka mawili yanayofuatana, kisha weka jingine la pili kutoka mwisho.