Upinde wa Zawose

Ukitaka kumjua mpiga zeze, usikimbilie kutazama vidole vinavyocheza juu ya uzi. Tazama mkono wa pili, ule ulioshika upinde. Vidole hutafuta sauti, lakini upinde ndio unaoamua kama sauti hiyo italia, itakwaruza au itakufa kabla ya kumfikia msikilizaji. Hukwe Zawose alikuwa na mkono wa upinde ambao mimi sijasikia wa kufanana nao. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Kila nikizisikiliza kanda zake, mkono ule ndio unaonifanya niirudie sehemu ileile mara tatu, mara nne.

Sisi wa Kanyenye, hapa Tabora mjini, tuna haki ya kumwita jirani. Alizaliwa Doda, mkoani Dodoma, katikati ya Ugogo, na Ugogo ndiyo nchi ambayo misafara mingi ya Bagamoyo iliivuka kabla ya kufika Unyanyembe, yaani huku kwetu Tabora. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua kwa miguu na kwa kiu. Maji yalikuwa machache, na watemi wa Kigogo walitoza hongo kwa kila msafara uliotaka kupita. Wasafiri Burton, mwaka 1857, na Stanley, mwaka 1871, walipita katika himaya ya mtemi Magomba, na himaya hiyo nayo iliitwa Kanyenye, kama kata yetu. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ilipita karibu mlemle, na hadi leo anayetoka hapa kwa treni kwenda pwani hupita Manyoni na Dodoma. Barabara iliyobeba pembe, chumvi na shanga haikukosa kubeba nyimbo.

Wanyamwezi nao wana zeze lao. Ni ubao mwembamba uliofungiwa kibuyu, na nyuzi zake hudonolewa kwa vidole. Ni zeze zuri la kumsindikiza mtu anayesimulia. Zeze la Kigogo, wenyewe wanaliita izeze, ni jingine kabisa: hilo husuguliwa kwa upinde, kwa hiyo sauti yake haikatiki baada ya kudonolewa bali huendelea kama pumzi ya mtu. Mwenye kudonoa akishaachia uzi, kazi yake imekwisha. Mwenye upinde hana nafasi ya kupumzika, kwa sababu kila kitu anachokifanya kinasikika mwanzo hadi mwisho, pamoja na kusitasita kwake.

Nilibahatika kumwona mzee mmoja wa Kigogo, mkazi wa huku kwetu, akiunda zeze uani kwake. Kibuyu alikwisha kukikata mdomo na kukikwangua ndani hadi kikawa chepesi. Ngozi ya mbuzi ilikuwa imelowekwa tangu jana yake. Akaitandaza juu ya mdomo wa kibuyu, akaivuta upande huu, akaivuta upande ule, kidogo kidogo, huku akiigonga kwa ukucha na kutega sikio. Nikamsalimia.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Kaa hapo kivulini, ngozi hii haitaki jua.”

Nikadhani anatania, kumbe anasema kweli. Ngozi mbichi ikianikwa juani hukauka kwa pupa, ikajivuta kupita kiasi na kupasuka, au ikakivuta kibuyu chenyewe hadi kikatoka ufa. Kivulini hukauka taratibu na kukaza sawasawa kila upande. Siku hiyo hakupiga wimbo wowote. Aliniacha nimtazame akichonga kigingi cha kukazia uzi, akikijaribu kwenye tundu lake, akikitoa, akipunguza chembe moja ya mti, akikirudisha. Kigingi kikilegea, uzi hulegea katikati ya wimbo. Kikibana mno, huwezi kuusogeza kidogo kama sikio linavyotaka. Kati ya hali hizo mbili kuna nafasi nyembamba sana, na mzee yule aliitafuta bila haraka hata akaipata.

Nyuzi siku hizi ni za waya, mara nyingi zilizochambuliwa kutoka katika waya wa breki ya baiskeli. Upinde ni kijiti chembamba kilichokunjwa na kufungwa uzi. Peke yake upinde huo hautoi kitu. Uburuze juu ya waya mkavu, utasikia mnong’ono tu. Lazima upakwe ulimbo. Ulimbo huunasa waya, waya hujivuta hadi ukachomoka, ukanaswa tena, ukachomoka tena, mamia ya mara kwa sekunde moja, na huko kunaswa na kuchomoka ndiko kunakofanya sauti. Ukikandamiza upinde, waya hunaswa kwa muda mrefu mno na sauti inakwaruza. Ukiuachia, waya hauitiki. Ukiuvuta kwa kasi bila kuongeza uzito, sauti hupaa na kuwa nyembamba kama filimbi. Haya yote hufanywa na kifundo cha mkono cha mtu ambaye wakati huohuo anaimba, na pengine njuga zinalia miguuni mwake.

Na mkono wa kushoto nao si mchezo. Uzi wa zeze haukandamizwi chini kwenye ubao kama wa gitaa. Kidole huugusa tu ukiwa hewani, na hakuna mstari wala pingili inayoonyesha mahali pa kugusa. Sikio ndilo linalosema hapa, au bado.

Sikio hilo la Kigogo lina sheria zake. Uzi mmoja ukilia haulii sauti moja: ndani yake zimo sauti nyingine nyembamba zaidi, zilizopangana kwa utaratibu wa maumbile, na mtu mwenye kusikiliza kwa makini huzitambua. Wagogo wamejenga muziki wao juu ya sauti hizo hasa. Ndiyo maana ilimba yao, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze lao, na kwaya zao za sauti nyingi, hukutana bila kugombana. Ndiyo maana pia zeze likiwekwa kando ya kinanda cha umeme hutokea mvutano, kwa kuwa sauti ya saba katika mpangilio ule wa maumbile iko chini kuliko kinanda kinavyotaka. Nimewahi kuwasikia watu wakisema zeze “limetoka nje.” Kwangu mimi zeze ndilo lililo nyumbani, na kulikaza lifuate kinanda ni kulinyang’anya lugha yake.

Zawose aliijua lugha hiyo hadi shinani. Msikilize katika albamu ya Chibite ya mwaka 1996, iliyotolewa na Real World, kampuni ya Mwingereza Peter Gabriel. Sauti yake huanzia chini kifuani, nzito, kisha ghafla inapanda hadi pale ambapo wengi wetu hubaki na pumzi tu. Wapigaji wengi wenye koo kama hilo wangeifanya ala iwe mtumishi. Yeye aliipa nafasi. Akinyamaza koo, upinde unamalizia neno. Mwaka 2002 alitoa albamu ya Assembly pamoja na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada. Inapendeza, na iliwafikia wengi ambao wasingemsikia. Lakini mimi hurudi Chibite, kwa sababu mle naisikia ngozi ya kibuyu yenyewe, naisikia na pumzi kati ya mvuto mmoja wa upinde na mwingine.

Waskoti, watu wa fidla tangu zamani, bado wanamtaja Niel Gow, aliyezaliwa mwaka 1727 na kufariki mwaka 1807. Wanachomkumbukia zaidi ni mvuto wake wa upinde kuelekea juu. Wapigaji wengi hudhoofika upinde unapopanda, kwani uzito wa mkono hauwasaidii tena. Yeye, husimuliwa, aliutia nguvu ileile iliyowainua watu vitini wacheze. Naiamini habari hiyo kwa sababu ya Zawose. Tega sikio kwenye mvuto wake wa kurudi, ule ambao kwa mpigaji wa kawaida ni wa kurudisha mkono mahali pake tu. Kwake una kazi, una mkazo wake, na mara nyingi ndio unaobeba hatua ya mchezaji.

Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, Zawose akawa miongoni mwa wasanii wa taifa, kisha akahamia Bagamoyo na kufundisha katika Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981. Kwa hiyo mtoto wa Ugogo aliishia kule misafara ilikoanzia. Akapiga Ulaya, akapiga Japani, na kote huko alivaa na kuimba kama mtu wa kwao, kwa Kigogo na kwa Kiswahili. Hakulipunguza zeze lipate kukubalika. Alikuwa na mazeze ya nyuzi mbili na mengine makubwa yenye nyuzi nyingi, na hata kwa yale makubwa hakuwahi kunisikika kama mtu anayejionyesha.

Ukoo wake unaendelea kupiga. Zamani katika familia ile, kama kwa Wagogo wengi, zeze na ilimba vilikuwa mikononi mwa wanaume, na wanawake waliitikia nyimbo na kuzipiga ngoma za muheme, ambazo kwa hakika ni zao na wanazipiga kwa ustadi mkubwa. Mwaka 2024 Pendo Zawose, bintiye Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, walitoa albamu inayoitwa Maisha kwa jina la The Zawose Queens, na humo wanawake hao wameshika pia ala ambazo mama zao hawakupewa. Nimeisikiliza nikiutafuta ule mvuto wa kurudi. Pendo na Leah hawamwigi mzee, na nafurahi kwamba hawamwigi. Wana haraka zaidi yake na kicheko zaidi yake, na wanapiga kama watu waliokaa miaka mingi karibu na zeze kabla ya kuruhusiwa kulishika.