Sifa ya Fundi Ahuishaye Ghala

Katika bandari ya Hamburg, huko Ujerumani, umo mtaa mzima wa maghala uitwao Speicherstadt, uliojengwa kwa matofali mekundu juu ya magogo ya mwaloni yaliyokitwa matopeni, kazi iliyoanza mwaka 1883 na kukoma mwaka 1927. Na majengo yake yana nyuso mbili, mmoja ukielekea mfereji zilikofunga mashua za mizigo, na wa pili ukielekea barabara, ili shehena ipandishwe kwa winchi iliyo chini ya paa upande huu, na ishushwe upande ule ipatapo mnunuzi. Humo ziliwekwa kahawa, chai, viungo na mazulia ya Uajemi. Na sisi watu wa pwani si wageni kabisa wa habari hiyo, kwa maana nyumba ya biashara ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa na ofisi yake Unguja tangu katikati ya karne ya 19.

Makontena yameliondolea ghala la orofa nyingi kazi yake, na tangu mtaa ule ulipotolewa katika mipaka ya bandari huru mwaka 2003, orofa zake zimezidi kukaliwa na wasanifu majengo, wachoraji na wabunifu wa kila namna. Amali ya kuligeuza ghala kuwa makazi ya kazi hizo ndiyo niitakayo kuisifu, kwa sababu ni ufundi ambao sifa zake aghalabu huwaendea wengine: mwashi wa kale husifiwa kwa kuta, mpangaji husifiwa kwa samani, na yule aliyewakutanisha hatajwi.

Husemwa kwamba ghala hubadilishwa ili likubali matumizi mengi, nami naona wasemao hivyo wamelipindua jambo, kwani ghala lilizaliwa na tabia hiyo. Aliyelijenga hakujua msimu ujao litapokea magunia ya kahawa au marobota ya mazulia. Basi akaacha uwanda mpana wenye nguzo tu, pasipo kiambaza kisicho lazima, na akaipa sakafu nguvu ya kubeba mizigo ambayo meza na watu wake hawaikaribii kwa uzito. Fundi asiye na busara huiua tabia hiyo siku ya kwanza, akigawa vijumba kwa kuta za kudumu. Ilhali mwenye hekima huweka viambaza visimamavyo vyenyewe, na chumba cha baraza kilichotiwa ukumbini kama sanduku, bila kugusa boriti, ili siku kitakapoondolewa jengo lisibaki na kovu.

Lakini mtihani wenyewe uko ukutani. Ukuta mnene wa matofali hupata joto polepole na kulipoteza polepole, jambo lililoifaa kahawa, walakini mtu akaaye mezani muda wa saa nane katika baridi ya Januari anadai zaidi ya hayo. Kuufunika ukuta kwa nje haiwezekani, kwa kuwa mtaa ule unalindwa na sheria ya urithi tangu mwaka 1991. Hapana budi kuufunika kwa ndani, na ndani ndimo ilimo hatari, maana tofali lililonyimwa joto la chumba huzidi kuwa baridi, na mvuke wa pumzi za watu ukilifikia hugeuka maji nyuma ya bodi, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vikaanza kuoza pasipo mtu kujua. Kwa hiyo fundi huchagua bodi za madini zifyonzazo unyevu na kuutoa tena, tena huziweka nyembamba, akaridhia kupoteza joto kidogo kuliko kupoteza jengo. Na dirisha kuukuu la chuma haling'oi, bali hutia la pili nyuma yake. Waashi wa Lamu na wa Mji Mkongwe wanaijua elimu hii, kwani wameona ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa saruji ukihifadhi maji na kumomonyoka, ilhali wa chokaa huyatoa.

Nuru ni jambo jepesi zaidi: meza zisogezwe madirishani, na katikati penye giza pawekwe makabati ya michoro.

Nisidhaniwe kwamba nayatukuza majengo hayo kwa ukale wake tu, kwani ili yapate nafasi walihamishwa watu takriban 20,000 na nyumba zao zikabomolewa. Ila moto uliochoma matofali yale umekwisha kuzimika zamani, na abomoaye leo huwasha mwingine kwa ajili ya saruji na chuma. Hiyo ni israfu isiyofidiwa na vibao vya jua juu ya paa jipya.

Basi wewe mwenye bohari kuukuu, liwe Hamburg, Mombasa au Tanga, ukimpata fundi wa namna hii usimdai michoro kwa haraka. Mwache akae na jengo masika na kiangazi, aone maji yapitapo na upepo uingiapo, kisha umlipe ujira wake kamili, hata akikushauri kwamba sehemu kubwa isiguswe.