Lehemu ya Tarumbeta

Tarumbeta ya kufuliwa kwa mkono huanza ikiwa bamba la shaba njano. Fundi hulikata, hulikunja mpaka kingo zikutane, kisha huziunga kwa lehemu ngumu ambayo nayo ni jamii ya shaba. Hapo hana hiari. Mshono huo utapigwa nyundo, utapashwa moto tena na tena ili shaba ilainike, utavutwa mpaka utoe ule mdomo mpana wa mbele. Lehemu ya bati ingeachia mapema.

Lakini fundi huyohuyo, akifika kwenye vijiti vifupi vinavyoshikanisha bomba na bomba, huiweka kando lehemu yenye nguvu na kuchukua iliyo dhaifu. Uamuzi huu naupenda kuliko ufundi wote wa nyundo.

Shaba iliyofuliwa ina ukakamavu wake, na moto mkali huuondoa. Lehemu ya fedha, hata ile nyepesi kuyeyuka yenye fedha asilimia 55, huyeyuka kwenye nyuzi 630 hadi 660. Bomba jembamba likifika huko hulegea, na kidole tu chaweza kulibonyeza. Moto ukizidi 900, shaba yenyewe huanza kuyeyuka, na zinki iliyomo hutoka kwa moshi mweupe usiofaa kuvutwa. Lehemu ya bati na risasi, sehemu 63 kwa 37, inataka nyuzi 183 tu.

Ndani ya lehemu laini kama hii nako kuna kuchagua. Hiyo ya 63 kwa 37 huganda mara moja. Ya nusu kwa nusu huchelewa. Kwa muda inakuwa nzito kama uji, kwa hiyo huziba vizuri mwanya uliokaa wazi, ila kijiti kikitikisika wakati huo kiungo hufifia na kuwa na chembechembe. Ya bati yenye fedha kidogo huyeyuka kwenye nyuzi 221, hushika zaidi, hubaki inang'aa, tena haina risasi. Na kwa chombo cha kinywaji kama dele la kahawa, mimi sikubali lehemu yenye risasi hata kama ni rahisi kuifanyia kazi.

Tazama mkono wa fundi anayeijua kazi. Amekwangua shaba kwa msasa mpaka imeng'aa, amepaka dawa ya lehemu, na kijiti kimekaa mahali pake bila kulazimishwa. Moto anauelekeza kwenye shaba, wala si kwenye lehemu. Shaba ikiwa tayari, anaigusisha ncha ya waya wa lehemu upande mmoja wa kitako cha kijiti. Lehemu inanyonywa na mwanya, inazunguka chini kwa chini, na ghafla ukingo mwembamba unang'aa upande wa pili. Waya anauondoa hapohapo. Baadaye ataosha dawa yote, maana tindikali yake ikibaki huleta kutu ya kijani.

Matarumbeta ya harusi Dar es Salaam hupigwa juu ya gari la wazi, katikati ya foleni na mashimo. Yanagongwa, yanapinda. Bomba lililobonyea lazima litolewe ndipo linyooshwe, na kijiti kilichotiwa lehemu laini huachia kwa moto mdogo, bomba likatoka zima na kurudishwa zima. Fundi akikuta mtu ametia lehemu ya fedha hapo, anatafuta msumeno.