Panthers Walivyompata Tkachuk: Hesabu za Kiangazi cha 2022

Mabao matatu katika mechi nne. Hayo ndiyo waliyoambulia Florida Panthers Mei 2022 mbele ya majirani zao, Tampa Bay Lightning, wakatupwa nje ya mtoano bila kushinda hata mchezo mmoja. Timu hiyohiyo ilikuwa imetoka kumaliza msimu wa kawaida wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, ikiwa kileleni kwa pointi 122 na mabao 340 katika mechi 82. Ilikuwa imepita zaidi ya robo karne tangu timu yoyote ya ligi hiyo ifunge mabao mengi kiasi hicho.

Kila Juni mashabiki wa hoki hukaa na karatasi zao. Wanaandika majina ya washambuliaji 12, mabeki sita na makipa wawili, wanaweka mshahara mbele ya kila jina, kisha wanajumlisha waone kama wamevuka kikomo. Ni kazi ninayoiheshimu, kwa sababu anayeifanya kwa uaminifu hujifunza haraka kwamba hoki ya kulipwa ni mchezo wa kuchagua nani aondoke. Lakini karatasi nyingi zina ugonjwa mmoja: shabiki huongeza tu. Hamtoi anayempenda. Ndiyo maana kiangazi kile cha Panthers kinastahili kuchambuliwa kwa utulivu, maana meneja mkuu wao, Bill Zito, alifanya jambo ambalo shabiki wa Florida asingethubutu kuliandika hata kwa penseli.

Tuanze na fedha. NHL ina kikomo kigumu cha mishahara; kwa msimu wa 2022-23 kilikuwa dola milioni 82.5. Kinachohesabiwa ni wastani wa mkataba kwa mwaka, hata kama mchezaji analipwa kingine mfukoni. Nahodha Aleksander Barkov alihesabiwa milioni 10. Kipa Sergei Bobrovsky milioni 10 nyingine, kwa mkataba wa miaka saba uliosainiwa 2019 kabla Zito hajafika. Beki Aaron Ekblad 7.5, mshambuliaji Sam Reinhart 6.5. Watu wanne, milioni 34. Ongeza zaidi ya milioni tano za Keith Yandle, ambaye alikuwa hachezi tena Florida. Klabu ilivunja mkataba wake 2021, na kwa kanuni za ligi deni la kuvunja mkataba husambazwa kwa mara mbili ya miaka iliyobaki. Ukifika hapo umebakiwa na milioni 43 hivi za kuwalipa wachezaji 19 waliobaki kwenye kikosi cha watu 23.

Njia ya kuchagua vijana, ambao klabu hugawana kwa raundi kila mwaka, ilikuwa imezibwa pia. Chaguo la raundi ya kwanza la 2022 lilikwenda Buffalo kumleta Reinhart, la 2023 likatolewa kwa Ben Chiarot, la 2024 kwa Claude Giroux. Chiarot na Giroux waliletwa Machi kwa ajili ya mtoano tu, na kiangazi kilipofika wote wawili wakaondoka.

Katikati ya hesabu hizo alikaa Jonathan Huberdeau. Alikuwa Florida tangu 2011, na msimu ule alikuwa ametoa pasi za mabao 85 na kufunga 30, jumla pointi 115. Alihesabiwa milioni 5.9 tu. Mkataba wake ulikuwa unaisha baada ya mwaka mmoja, naye alikuwa na miaka 29. Beki MacKenzie Weegar, aliyecheza sambamba na Ekblad, alihesabiwa milioni 3.25, na wake ulikuwa unaisha mwaka uleule. Karatasi ya kawaida ya shabiki ingesema: waongezeeni mikataba wote wawili, tafuteni beki mmoja wa bei nafuu, twendeni tena.

Shida ni kwamba mabao 340 yalikuwa na asili moja kubwa. Panthers wa msimu ule waliishi kwa mashambulizi ya kasi. Walikuwa wakinyang'anya paki, kile kisahani kinachopigwa kwa gongo, katikati ya uwanja, wanakimbia watatu dhidi ya wawili, pasi ya pembeni, wavuni. Huberdeau alikuwa fundi wa kazi hiyo, hakuna aliyeona nafasi ya pasi mapema kuliko yeye. Kwenye mtoano nafasi hizo hukauka. Tampa waliacha kupoteza paki katikati. Walirudi nyuma watano, wakalala mbele ya mashuti, na nyuma yao alikuwapo kipa Andrei Vasilevskiy. Hata mpinzani alipokuwa pungufu kwa adhabu, Panthers walifunga mara moja tu katika nafasi 31 za mtoano wote. Ukiipa timu ya namna hiyo mfungaji mwingine wa aina ileile, umeongeza sukari kwenye chai iliyokwisha kuwa tamu.

Mwezi Juni kocha alibadilishwa, akaja Paul Maurice. Tarehe 22 Julai 2022 ukaja uamuzi wenyewe. Huberdeau, Weegar, kijana Cole Schwindt na chaguo la raundi ya kwanza lenye masharti wakapelekwa Calgary, na Florida wakapata Matthew Tkachuk pamoja na chaguo la raundi ya nne.

Calgary walikuwa kwenye kona. Johnny Gaudreau alikuwa ameondoka kama mchezaji huru siku chache kabla, na Tkachuk amewaambia kwamba hatabaki muda mrefu. Katika mazingira hayo kupata mchezaji wa pointi 115 na beki wa kiwango cha juu kulionekana muujiza, na wengi siku ile waliwapa Calgary ushindi wa biashara.

Sasa ziangalie namba. Huberdeau na Weegar kwa pamoja: milioni 9.15. Tkachuk: milioni 9.5. Tofauti ni dola 350,000. Yaani mwaka ule wa kwanza, kwa upande wa kikomo, Zito hakununua chochote kwa fedha mpya. Alibadilisha miaka. Alitoa mikataba miwili yenye mwaka mmoja uliobaki, akachukua mmoja wenye miaka minane, wa mtu mwenye umri wa miaka 24. Na miaka minane hiyo haikuja hivihivi. Kwa kanuni za wakati ule, klabu inayomiliki mchezaji pekee ndiyo iliyoruhusiwa kumpa minane. Klabu nyingine ingeishia saba. Kwa hiyo Calgary ndio waliomsainisha kwanza, halafu wakamkabidhi akiwa na mkataba mkononi. Florida nayo haitozi kodi ya mapato ya jimbo, na hilo humfanya mchezaji akubali namba ndogo kidogo kuliko angeidai Canada.

Miezi iliyofuata ilitoa bei ya kitu ambacho Zito alikikwepa. Calgary walimsainisha Huberdeau miaka minane kwa milioni 10.5 kwa mwaka, na Weegar minane kwa 6.25. Jumla 16.75, kuanzia msimu wa 2023-24. Sidai kwamba Florida wangelipa kiasi hichohicho, kwa sababu hiyohiyo ya kodi, lakini hata ukipunguza milioni mbili bado unatoka na pengo kubwa dhidi ya 9.5.

Fedha ni nusu ya maelezo. Nusu ya pili ni mahali Tkachuk anapofanyia kazi. Mtazame akiwa eneo la mpinzani. Hasubiri pembeni apigiwe pasi. Anasimama karibu na lango, mguu mmoja umeshaingia kwenye duara la kipa, mgongo umemwegemea beki anayemsukuma, na gongo liko chini tayari kugeuza shuti linalotoka mbali. Paki ikizunguka nyuma ya goli, anaifuata yeye, anaikinga kwa mwili na kuirudisha kwa pasi fupi kupitia miguu ya watu. Bao la namna hiyo halihitaji uwanja uwe wazi, na timu ikirudi watano nyuma ndiyo kwanza inamletea watu wa kujificha nyuma yao. Msimu wa mwisho Calgary alikuwa amefunga 42 na kufikisha pointi 104, kwa hiyo hakuwa mpiganaji tu. Mchezo wake ulikuwa wa kuhamia mtoano bila kupungua.

Wachambuzi wengi huishia kwenye biashara hii. Mimi naona isingewezekana bila manunuzi madogo yaliyotangulia, na hapo ndipo ufundi wa Zito unaponivutia zaidi. Oktoba 2020, mwezi mmoja baada ya kuajiriwa, alimchukua Carter Verhaeghe, aliyeachwa na Tampa walipobanwa na kikomo baada ya kutwaa kombe. Mkataba ulikuwa milioni moja kwa mwaka. Januari 2021 akampata Gustav Forsling bure kabisa. Timu ikitaka kumshusha mchezaji mwenye uzoefu kwenda ligi ya chini sharti itangaze jina lake kwanza, na kwa saa 24 yeyote anaweza kumdai. Carolina walimtangaza, Florida wakanyoosha mkono. Aprili akaja Sam Bennett kutoka Calgary, kwa kijana mmoja na chaguo la raundi ya pili. Bennett alikuwa amechaguliwa wa nne 2014, mwaka ambao Ekblad alikuwa wa kwanza na Reinhart wa pili, lakini Calgary walikuwa wamemzoea kwenye safu za chini.

Wote hao walifanana kwa mambo matatu: umri wa miaka ya katikati ya ishirini, kipaji kilichokwisha kuonekana, na klabu iliyochoka kungoja. Forsling ndiye aliyeziba pengo la Weegar. Angekuwa hayupo, kumtoa Weegar kungekuwa wazimu. Shabiki anayepanga kikosi chake angependa kuanza na jina kubwa kisha ajaze nafasi. Huku mpangilio ulikuwa kinyume, nafasi zilijazwa miezi 15 kabla jina kubwa halijawasili.

Msimu wa kwanza nusura uzime hoja yangu yote. Panthers walishuka kutoka pointi 122 hadi 92, wakaingia mtoano kwa kuwapita Pittsburgh kwa pointi moja, tena baada ya Pittsburgh kufungwa nyumbani na Chicago waliokuwa mkiani. Hiyo ni bahati, na inapaswa kuitwa bahati. Raundi ya kwanza walikutana na Boston wenye pointi 135, rekodi ya ligi. Wakawa nyuma mechi tatu kwa moja. Wakashinda ya tano kwa bao la Tkachuk la muda wa nyongeza, na ya saba beki Brandon Montour akasawazisha ikiwa imebaki takriban dakika moja kabla ya Verhaeghe kumaliza kazi. Dhidi ya Carolina, Tkachuk alifunga mabao ya ushindi katika mechi ya kwanza, ya pili na ya nne, lile la mwisho zikiwa zimebaki sekunde 4.9. Walifika fainali, wakaishiwa nguvu mbele ya Vegas, Tkachuk akicheza na mfupa wa kifua uliovunjika. Huko Calgary, Huberdeau alimaliza msimu na pointi 55.

Kisha ule mgawanyo wa fedha ukaanza kulipa. Kiangazi cha 2023 Montour na Ekblad walikuwa wametoka kupasuliwa mabega, na Florida walihitaji mabeki. Walimchukua Oliver Ekman-Larsson, aliyevunjiwa mkataba na Vancouver, kwa milioni 2.25, Niko Mikkola kwa 2.5, Dmitry Kulikov kwa moja. Mabeki watatu kwa milioni 5.75, chini ya Weegar mmoja kwa bei ya Calgary. Wote watatu walikuwa uwanjani tarehe 24 Juni 2024, Florida walipoifunga Edmonton 2-1 katika mechi ya saba na kutwaa Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza tangu klabu ianze kucheza 1993. Bao la ushindi lilikuwa la Reinhart. Mwaka uliofuata wakalitwaa tena, dhidi ya Edmonton haohao, na Bennett akawa mchezaji bora wa mtoano kwa mabao 15.

Baada ya kombe la pili Zito alibadili mwenendo wake. Kikomo kilipanda kutoka milioni 88 hadi 95.5, naye akawabakiza nyota watatu ambao mikataba yao ilikuwa inaisha: Bennett miaka minane kwa milioni nane, Ekblad minane kwa 6.1, mshambuliaji mkongwe Brad Marchand sita kwa 5.25. Milioni 19.35 kwa watu watatu, na Marchand alikuwa ameshatimiza miaka 37. Ningepewa mimi karatasi ile, ningemlipa Bennett bila kusita, maana ndiye anayesimama karibu na lango pamoja na Tkachuk, na Ekblad alishuka bei kutoka 7.5. Marchand ningemwacha aende. Alikuwa amefanya makubwa katika mtoano ule, lakini miaka sita ni mingi kwa mtu wa umri wake, na kanuni za mikataba ya wakongwe hazisamehi: mkataba wa mwenye miaka 35 na kuendelea unaweza kubaki kwenye hesabu za klabu hata akistaafu. Zile milioni 5.25 ningezigawa mara mbili, nikatafuta tena mabeki wawili walioachwa na wengine.