Milimita Mbili

Tukisikia jamaa anapigwa mionzi, tunaiwaza mashine. Lakini kazi ninayoistaajabia mimi hufanyika kabla mashine haijawashwa, pale daktari bingwa wa saratani na mwanafizikia tiba wanapokaa mbele ya kompyuta kuipima picha ya mgonjwa.

Picha ya CT scan, kwetu sisi wengine, ni vivuli vya kijivu tu. Kwao ni namba. Kila nukta ina thamani yake: maji ni 0, hewa ni −1000, mafuta ni karibu −100, na mfupa mgumu hupita 1000. Kipimo hicho kimepewa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza mwaka 1971 huko London. Mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kulifikiria jambo hili mwaka 1956 akiwa mwanafizikia katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Swali la Cormack lilitoka moja kwa moja kwenye tiba ya mionzi: utajuaje ni kiasi gani kitaufikia uvimbe, ilhali njiani kuna mifupa, misuli na hewa, na kila kimoja hupunguza mionzi kwa namna yake? Hadi leo kompyuta ya kupanga tiba hutumia namba hizo kulijibu swali lake.

Tuchukue saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza miongoni mwa wagonjwa wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mgonjwa hupata kwanza mionzi ya nje kwa wiki kadhaa. Kisha huja mionzi ya ndani: vifaa vyembamba huingizwa hadi kwenye mji wa mimba, na chembe yenye mionzi hupitishwa humo, ikisimama sekunde kadhaa hapa, sekunde kadhaa pale. Nguvu yake hushuka upesi mno. Umbali ukiongezeka mara mbili, mionzi hubaki takriban robo.

Kwa miongo mingi dozi hiyo ilipimwa kwenye nukta A, iliyobuniwa Manchester mwaka 1938: sentimita 2 juu na sentimita 2 pembeni, kwa kila mwanamke. Wenye uvimbe mdogo na wenye uvimbe mkubwa walipimwa mahali pale pale, kama fundi cherehani aliyempima mteja mmoja akawashonea mtaa mzima. Sisemi hivyo kwa kuwadharau waliotangulia. Nukta A iliokoa maisha ya wengi, na bado inawasaidia wagonjwa mahali ambapo picha za kisasa hazipatikani. Ila haikuuona uvimbe wenyewe.

Mwaka 2005 na 2006 wataalamu wa Ulaya, kundi la Vienna likiwa mstari wa mbele, walitoa mwongozo wa kuchora kila kitu juu ya picha ya MRI iliyopigwa vifaa vikiwa bado mwilini. Kwenye CT scan, uvimbe na misuli inayouzunguka hukaribiana sana kwa namba. Kwenye MRI, tishu yenye afya ya shingo ya kizazi huonekana nyeusi, na uvimbe hung'aa kiasi. Kati ya rangi hizo mbili hubaki ukungu mahali saratani ilipokuwepo kabla haijanywea. Wenyewe wanauita maeneo ya kijivu, na sheria yao ni kwamba hayaachwi nje ya mstari.

Basi daktari huchora kipande kwa kipande. Anasogeza mstari, anafuta, anarudi kwenye picha ya siku ya kwanza kuona uvimbe ulianzia wapi. Ukaidi huo una sababu, nayo ni hesabu ya darasani. Uvimbe wa umbo la tufe wenye kipenyo cha sentimita 4 una ujazo wa sentimita za ujazo 33 hivi. Mstari ukitoka nje milimita 2 tu kila upande, ujazo hufika karibu 45. Theluthi nzima imeongezeka, na nyongeza hiyo ni nyama yenye afya, kama ya kibofu au ya utumbo. Mstari ukiingia ndani milimita hizo hizo, saratani hubaki bila dozi.

Mwanafizikia naye hahesabu wastani wa kibofu kizima, kwa sababu wastani huficha mahali palipoungua. Anatafuta sentimita za ujazo 2 za kibofu zinazopata mionzi mingi kuliko kwingine kote, na hizo ndizo anazozilinda. Hiki ndicho kipimo ninachokiheshimu kuliko vyote katika fani hii: kidogo, kikali, kinachomwangalia mgonjwa pale atakapoumia.

Mafundi hawa hupimana hata wao kwa wao. Madaktari wawili wakichora uvimbe mmoja, kila mmoja akapata sentimita za ujazo 30, na 24 zikaangukiana, alama yao ni 0.8, ilhali kulingana kabisa ni 1. Kanuni hiyo ni ya Lee Dice, mwanaikolojia wa Marekani, aliyeiandika mwaka 1945 kupima jinsi spishi mbili zinavyoishi pamoja. Siku hizi ndiyo inayozipima hata programu za akili mnemba zinazochora zenyewe. Alama nzuri haitoshi, maana programu inaweza kupata 0.9 na bado ikaacha ncha ya uvimbe nje. Jicho la daktari bado linahitajika.

Matunda yapo. Utafiti wa EMBRACE-I, uliochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha wanawake zaidi ya 1,300 waliotibiwa kwa njia hii ya MRI, ulionyesha kuwa baada ya miaka mitano saratani ilidhibitiwa mahali pake kwa asilimia 92 yao.

Mstari huo unamhitaji mgonjwa pia. Kwa hiyo, ukiwa mgonjwa au unamuuguza mtu, mkiambiwa anywe maji kiasi fulani na asiende haja ndogo kabla ya mionzi, fuateni maelekezo hayo kila siku bila kuyapunguza. Kibofu kikijaa tofauti na siku ya picha, viungo vya jirani husogea, na mstari uliochorwa kwa saa nyingi hauko tena mahali pake.