Laini Nyembamba, Kazi Nzima

Ukurasa wa mipangilio ya muunganisho ndio sehemu ya programu inayopitwa haraka kuliko zote. Mtu anafungua programu ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali, anaandika anwani, anabonyeza kitufe, na ikimkubalia haulizi zaidi. Visanduku vya rangi, sauti, ukubwa wa skrini, muda wa kusubiri na funguo anaviacha kama alivyovikuta. Nataka kuwasifu wale wasioviacha. Kazi yao ikifanyika vizuri haionekani: karani wa Sumbawanga anaona tu kishale kikitembea chenyewe kwenye skrini, mtu aliyeko Dar es Salaam akiirekebisha mashine, na mishahara inatoka siku ileile.

Ufundi huu unaanzia kwenye hesabu. Skrini ya kawaida siku hizi ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu. Kila nukta ikichukua baiti 3 za rangi, picha moja ni baiti 6,220,800. Ukiituma hivyo ilivyo kwenye laini ya megabiti 2 kwa sekunde, itafika baada ya sekunde 25 hivi, na hiyo ni picha moja tu, kabla karani hajagusa kitu. Kwa hiyo fundi anajiuliza tangu mwanzo: nini kisitumwe?

Miaka ya 1990, watafiti wa maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, walipobuni VNC, programu ya kuitazama na kuiendesha kompyuta iliyo mbali, walilijibu swali hilo kwa namna ambayo hadi leo inanistaajabisha. Kompyuta ya mbali haimwagi picha ovyo, bali hungoja iombwe. Mtazamaji akishapokea badiliko moja ndipo huomba linalofuata, na yaliyotokea katikati hurukwa. Laini ikizidiwa, ataona hatua chache, lakini anachokiona ni hali ya sasa, hasukumiwi foleni ya picha zilizopitwa na wakati. Na dirisha likisogezwa, nukta zake hazitumwi upya. Inatumwa amri fupi kwamba mstatili uliokuwa pale uhamishiwe hapa, kwa kuwa nukta hizo mtazamaji anazo tayari. Ukishayaelewa hayo, kisanduku cha kuondoa picha ya nyuma ya skrini kinapata maana: picha ya mlima au ya maua lazima ielezwe kipande kwa kipande, ilhali rangi moja tupu huelezwa kwa baiti chache.

Remote Desktop ya Windows nayo ina visanduku vyake: picha ya nyuma, miondoko ya menyu, kuchora dirisha zima wakati linaburutwa, kulainisha herufi, kuhifadhi vipande vya picha kwenye diski ili visitumwe mara ya pili. Yapo maelekezo mengi yanayosema laini ikiwa dhaifu zima vyote. Sikubaliani nayo. Hicho cha kuhifadhi vipande kinaisaidia laini, ukikizima umejipunja. Na mhasibu anayesoma tarakimu kutwa nzima anahitaji herufi laini kuliko anavyohitaji kasi, maana macho yake ndiyo yatakayolipia. Daktari anayetazama picha ya eksirei kwa mbali hawezi kupunguziwa vivuli vya kijivu, hata ikibidi asubiri, kwa sababu ugonjwa unaweza kuwa umejificha katika kivuli hichohicho. Anayepanga muunganisho bila kuuliza kazi gani itafanyika upande wa pili anabahatisha.

Kuna jambo jingine dogo ninalolipenda sana, nalo ni kimya. Ruta nyingi, na mitandao ya simu hasa, huhesabu muunganisho usiopitisha kitu kwa muda kuwa umekufa, zikaufuta kwenye kumbukumbu zake bila kumwambia yeyote. Fundi anakwenda kupokea simu, akirudi anakuta skrini imeganda. Katika OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva ya mbali kwa amri za maandishi, dawa yake ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, ServerAliveInterval, ambao usipoguswa thamani yake ni sifuri, yaani haufanyi kazi. Ukiuandikia 60, kila sekunde 60 zikipita kimya kompyuta yako itauliza upande wa pili kama bado upo. Ujumbe wenyewe ni mdogo kiasi kwamba hata bando la bei ya chini haliuhisi.

Yapo pia ambayo mipangilio haiwezi kuyafuta. Hadi mkongo wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, mawasiliano ya Kenya na Tanzania na ng'ambo yalitegemea setilaiti zilizo kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta. Swali likipanda na kushuka, kisha jibu lipande na kushuka, karibu nusu sekunde imekwisha, na hakuna kisanduku cha kuiharakisha nuru. Ukibonyeza herufi, unaingoja. Mwaka 2012 watafiti wa MIT, Keith Winstein na Hari Balakrishnan, walitoa Mosh, programu inayokisia herufi itaonekanaje na kukuonyesha papo hapo huku ikingoja seva ithibitishe. Programu hiyo pia haikatiki unapohama kutoka Wi-Fi kwenda mtandao wa simu. Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika kwa wakati mmoja na intaneti yetu ikazorota kwa siku kadhaa, elimu ya namna hii ilihitajika tena, na waliokuwa nayo waliendelea na kazi.

Ujasiri wa fundi hupimwa pale anapobadilisha mipangilio ya njia ileile aliyopitia kuingia. Akikosea sheria moja ya ukuta wa moto, amekata tawi alilokalia, na safari ya kwenda kulirekebisha ni ya basi la usiku. Mwenye kujua huuacha muunganisho wa kwanza wazi, hukagua faili la mipangilio ya OpenSSH kwa amri ya sshd -t, kisha hufungua wa pili kujaribu, na hauondoi wa kwanza mpaka wa pili umeitika. Vifaa vya mtandao vya Juniper vina amri nzuri kwa kazi hii: ukibadilisha kitu na usithibitishe ndani ya dakika 10, kifaa kinarudi chenyewe kwenye mipangilio ya zamani. Ningependa kila kifaa kinachosimamiwa kwa mbali kiwe na amri hiyo.

Rangi, sauti, miondoko, hata kasi, vyote ni vya kujadiliana kulingana na laini na kazi. Kimoja hakijadiliwi: kujua ni nani aliye upande wa pili. Mwaka 1995, baada ya maneno ya siri kunaswa kwenye mtandao wa chuo kikuu chake nchini Finland, Tatu Ylönen aliandika SSH, akaomba ipewe poti namba 22, katikati ya FTP na Telnet, programu mbili zilizokuwa zikipitisha siri wazi. Tangu hapo yanayopita njiani hayasomeki. Lakini usiri huo haukusaidii kama seva uliyoifikia siyo yenyewe. Ndiyo maana unapoingia mara ya kwanza SSH hukuonyesha alama ya kidole ya seva, mfuatano wa herufi na tarakimu, ikakuuliza kama uendelee. Wengi hujibu ndiyo bila kuutazama. Wengine huzima ukaguzi huo moja kwa moja ili wasisumbuliwe, na hapo wanakuwa wamempa mgeni yeyote aliye njiani nafasi ya kujifanya seva yao.

Tangu toleo la 8.0 la OpenSSH, la mwaka 2019, huhitaji hata kulinganisha kwa macho: badala ya kuandika yes unabandika alama uliyopewa, na programu italinganisha yenyewe. Basi kabla ya kuingia kwenye seva mpya, mpigie simu anayeitunza, mwombe akutumie alama yake kwa njia nyingine, uibandike pale. Na kama wewe ndiye mtunzaji, iandike leo na uwape wote wanaoingia.