Pono wa Maji Gani?

Miongoni mwa istilahi ambazo wafasiri wetu huzitumia bila kuzipima ni "maji baridi" na "maji ya chumvi". Katika taarifa za uvuvi upungufu wake hauonekani. Hujitokeza pale msomaji anapotakiwa kutenda, kama vile katika maelezo ya kumfuga pono nyumbani ndani ya tangi la kioo.

Tumchukue msomaji wa Ngenge, wilayani Muleba. Kwake samaki ni sato, sangara, furu na dagaa, ambao vitabu huwaita samaki wa maji baridi. Lakini maji ya juu ya Ziwa Victoria huwa na joto la nyuzi 25 hivi za Selsiasi, nalo ndilo joto linalomfaa pono wa miamba ya Pwani. Istilahi hiyo, basi, haihusu joto hata kidogo. Maana yake ni maji yasiyo na chumvi. Mfasiri ambaye katika ukurasa huo huo huitumia kwa maji yenye ubaridi humtega msomaji wake. "Maji matamu" yangeondoa utata huo, na hatudhani kuna atakayetia sukari.

"Maji ya chumvi" ni hatari zaidi. Aliye mbali na bahari atafahamu maji yaliyotiwa chumvi ya jikoni, kama yale ya kusukutulia koo. Kumbe kilo moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za namna nyingi: sodiamu na kloridi ni kama asilimia 85, na zilizobaki ni salfeti, magnesiamu, kalsiamu na nyinginezo. Pono atakayetiwa katika maji ya chumvi ya jikoni hatadumu. Twapendekeza "maji ya bahari", na panapohusika tangi, "maji ya bahari ya kutengenezwa".

Ama neno "pono" lenyewe, Pwani hutumika hasa kwa samaki wenye mdomo kama wa kasuku. Wataalamu wengi wa leo huwaweka hao katika ukoo wa Labridae, pamoja na jamaa zao wadogo wanaofugwa majumbani; kwa hiyo kulipanua neno si kosa. Tena lina faida ambayo neno la kukopa lisingekuwa nayo. Asemaye "amelala usingizi wa pono" amekwisha kueleza nusu ya utunzaji, kwani wengi wa jamaa hao hujifukia mchangani usiku kucha, na mfugaji asiyeambiwa hudhani wamekufa. Mwongozo hauna budi kutaja mchanga laini wa kina cha kutosha, na kifuniko pia, maana huruka.